Mwongozo wa Maji Alioandika Ristana

Ristana Pachemska alikuwa mhariri wa gazeti dogo la mji wetu wa Strumica mpaka gazeti lenyewe lilipofungwa. Baada ya hapo akawa anasahihisha chochote alicholetewa: kadi za harusi, hotuba za madiwani, matangazo ya misiba yanayobandikwa kwenye nguzo. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mipana ya ukoo wa wakulima wa pilipili. Aliachana na mumewe bila kelele, akamlea binti yake Kalina katika ghorofa ya juu ya nyumba ya mama yake. Ukimpa dawa ya mafua, ataisoma karatasi ya ndani mpaka mwisho ndipo ameze. Kalina alikuwa akimtania, "Mama, ukimaliza kusoma, mafua yatakuwa yameshaondoka yenyewe."

Mimi naitwa Ilko. Nilikuwa mpokea simu katika kampuni ya Zdravko Hadjiev, na simu hizo ndizo zilizomleta Ristana kwetu.

Zdravko alikuwa ametengeneza programu ya kuendesha maji na mbolea kwenye vitalu vya plastiki. Aliiita Rosa, kwa lugha yetu umande. Mkulima anafunga kisanduku cheupe mlangoni mwa kitalu, anaweka programu kwenye simu yake, basi, anaweza kumwagilia nyanya zake huku amekaa mjini anakunywa kahawa. Programu ilikuwa nzuri, sitaki kuisingizia. Balaa lilikuwa mwongozo wake. Uliandikwa na wale vijana waliotengeneza programu, na ukurasa wa kwanza kabisa ulianza hivi: "Sanidi kitovu kabla ya kulandanisha mazingira ya mtumiaji." Katika bonde letu zima hakuna aliyejua kitovu kingine zaidi ya kile cha tumboni.

Wakulima wakawa wananipigia mimi. Aliyeongoza kwa kupiga alikuwa Mzee Lazo Karanfilov wa kijiji cha Murtino, mtu ambaye nyanya zake zinasifiwa hadi Skopje, mji mkuu, na mdomo wake hauna breki.

"Wewe kijana, hii simu inaniambia nithibitishe eneo."

"Ndiyo mzee, thibitisha."

"Nimethibitisha! Nimo ndani ya eneo tangu alfajiri! Unataka nithibitishe vipi, nilale chini nikumbatie udongo?"

Ukweli ni kwamba hata mimi mwongozo ule sikuuelewa. Nilikuwa nawaambia wazime, wawashe, kisha namwomba Mungu.

Zdravko na Ristana walikalia dawati moja tangu shule ya msingi. Ristana alipoolewa, Zdravko ndiye aliyesimamia ndoa, na Kalina alipozaliwa, ni Zdravko huyo huyo aliyemshika kwenye maji ya ubatizo. Kwetu mtu wa namna hiyo humwiti kwa jina tupu, wala hubishi naye mbele ya watu. Waliitana mzazi mwenzangu. Ndoa ilivunjika, lakini undugu ule haukuguswa. Kila Pasaka Kalina alimpelekea baba yake wa ubatizo mayai mekundu na mkate mtamu, naye alimrudisha na zawadi kubwa kuliko ya baba mzazi.

Zdravko alimwendea katika majira yale ambayo kila ua unanuka pilipili za kuchoma. Nilikuwa nimempeleka kwa gari, nikakaribishwa benchi na kikombe. Ristana alikuwa anamenya pilipili, vidole vimekuwa vyekundu.

"Mzazi mwenzangu, niokoe," Zdravko alisema. "Wakulima wananitukana hadi mama yangu."

"Wana haki. Nimeusoma huo mwongozo wako. Sasa hata bomba la jikoni naogopa kulifungua."

"Basi uandike upya wewe. Andika kwa mtu asiyejua kitu, anayeanza leo."

"Nitaandika, ila si ofisini. Nataka nikawaone wakihangaika nao."

"Nenda kawaone. Tena uwachukue video, ili wale vijana wangu waone watu wanakwama wapi. Ilko atakuendesha."

Ristana alifuta mikono, akakubali palepale. Baadaye garini aliniambia kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu mzima kama yeye: kwamba tangu gazeti lifungwe hakuna mtu aliyemwomba afanye kitu ambacho yeye peke yake ndiye angekiweza.

Vuli ile yote tulizunguka vijijini. Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ngeni kwangu. Alimpa mkulima simu na mwongozo wa zamani, akaweka kamera yake ndogo juu ya kreti, kisha akakaa kimya. Hakusaidia. Mtu akimuuliza, "Sasa nibonyeze wapi?" alimjibu, "Mimi sipo, mama, niko Skopje." Alikuwa anaangalia kidole. Kidole kikisita juu ya skrini, alijua kuwa pale pana neno baya. Mzee Lazo alimkasirikia siku ya kwanza.

"Umekuja kunitazama kama nyani?"

"Nakutazama ili nijue nani mjinga, wewe au mwandishi."

"Na umeshajua?"

"Si wewe, mzee."

Mzee akacheka, akatuletea rakija, pombe kali ya matunda, na tangu hapo tukawa watu wa nyumbani.

Lakini kila mtu, kabla ya kamera kuwashwa, Ristana alimwahidi jambo moja: picha hizo hakuna atakayeziona isipokuwa yeye na vijana wa programu. Alilisema kwa kinywa chake, na watu walimwamini kwa sababu walimjua baba yake, na mama yake, na gazeti lake.

Aliyehitaji ahadi hiyo kuliko wote alikuwa Bi Tinka Ushlinova. Alikuwa mjane wa mwaka uliotangulia. Mumewe ndiye aliyenunua Rosa, ndiye aliyeifunga, akafa kabla ya kumwonyesha mkewe chochote. Vitalu vilikuwa vyake sasa, na maji yake yalikuwa yamefungiwa ndani ya simu ambayo haikumsikia. Siku ya kwanza alikataa katakata kurekodiwa na kamera. Ristana hakumbembeleza. Alikaa naye wakapanga mabua ya nyanya kwenye kamba mpaka mchana, ndipo Bi Tinka akasema, "Haya, iwashe. Lakini ni wewe tu."

"Ni mimi tu na wale vijana, mama."

Akashika simu, akaushika mwongozo, akautazama kwa muda mrefu mno. Kisha akasema, polepole, bila kuinua uso: "Mwanangu, mimi kusoma kwangu ni kwa taabu. Nilitolewa shule mapema nikalee wadogo zangu. Marehemu ndiye aliyekuwa ananisomea. Watoto wangu hawajui. Wanadhani sipendi tu miwani."

Ristana hakuzima kamera, maana hakutaka kumshtua. Alimshika mkono tu. Garini, tulipokuwa tunaingia mjini, akasema, "Ilko, huu mwongozo namwandikia yule mama. Yeye akiuelewa, wote watauelewa."

Na kweli aliuandika hivyo. Kitovu kikafutwa, kikawa "kisanduku cheupe kilicho mlangoni". Mazingira ya mtumiaji yakatoweka, na hakuna aliyeyaulizia. Kila hatua ilikuwa na sentensi fupi na kitu cha kuona au kusikia: "Bonyeza duara la bluu. Subiri. Utasikia maji kwenye mabomba. Usiposikia maji, usiendelee, rudi juu." Aligombana na wale vijana wa programu kwa neno moja moja. Mmoja alimwambia, "Dada, hayo ni maelezo ya watoto wa chekechea." Akamjibu, "Nioneshe basi mtoto wa chekechea anayelima tani za nyanya."

Alipomaliza tulirudi kwa Bi Tinka. Safari hii hapakuwa na kamera. Mama alisoma kwa sauti, akikanyaga kila neno kama anayevuka mto juu ya mawe, na alipofika kwenye duara la bluu akabonyeza. Kimya. Kisha mabomba yakakoroma, na matone yakaanza kudondoka chini ya kila mche, mstari hadi mstari, mpaka mwisho wa kitalu. Bi Tinka aliziba mdomo kwa kiganja. "Yananisikia," alisema. "Maji yananisikia!" Akamshika Ristana kiunoni wakacheza katikati ya matuta, na mimi nikapiga makofi kama mwendawazimu.

Zdravko aliusoma mwongozo ofisini mbele yetu sote. Alisimama, akambusu Ristana mashavuni mara tatu kama tunavyofanya. "Umefanya kitu kikubwa, mzazi mwenzangu. Wape vijana kila kitu, video zote na yale maelezo yako ya wapi watu wanakwama." Akawapa.

Wiki zikapita. Ristana alikuwa akifungua tovuti kila asubuhi, anakuta mwongozo ni uleule wa kitovu. Akiuliza, anaambiwa vijana wanaupanga, picha zinachorwa, subiri kidogo. Hakuona ubaya. Alikuwa anaongea na mtu aliyemshikia mwanawe kwenye maji matakatifu, angeona ubaya wapi?

Kabla ya msimu wa kupanda miche Zdravko aliita mkutano mkubwa wa wakulima katika ukumbi wa hoteli mjini. Walikuja kutoka bonde lote, na wengine hadi kutoka mji wa Gevgelija. Ristana aliamini siku hiyo mwongozo wake ungetolewa. Yeye mwenyewe alimfuata Bi Tinka nyumbani ili akae naye. Mama alikuja na koti lake la kanisani na kitambaa kipya, akakaa mstari wa mbele, Ristana kulia kwake, mimi kushoto. Mzee Lazo alikuwa nyuma yetu, tayari ameshaanza kuwachokoza majirani zake.

Zdravko alipanda jukwaani. Alizungumza vizuri, huwa anazungumza vizuri. Alisema Rosa ni chombo chenye nguvu, na chombo chenye nguvu kina ugumu wake. Kisha taa zikapunguzwa na ukuta ukawaka.

Wa kwanza kuonekana alikuwa Mzee Lazo, mkubwa kama nyumba, akiitukana simu. Ukumbi ukacheka. Mzee naye alicheka, lakini alikatiza katikati. Akaonekana mwingine, kidole kinasita. Mwingine akigeuza simu juu chini. Waliweka muziki wa kuchekesha, ule wa tarumbeta. Nilimtazama Ristana. Alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.

Kisha kitalu cha Bi Tinka kikajaa ukutani. Uso wake, nyanya nyuma yake, na sauti yake ile ya polepole: "Mwanangu, mimi kusoma kwangu ni kwa taabu."

Si wote waliocheka. Waliocheka walitosha.

Maneno makubwa yakatokea juu ya uso wake: USITESEKE HIVI. LIPIA KILA MWEZI, TUKUSAIDIE. Taa zikawashwa, Zdravko akaanza kueleza kuhusu huduma mpya, wataalamu watakaokuja hadi kitaluni, namba maalumu ya simu. Watu walikuwa tayari wanauliza bei.

Bi Tinka alisimama. Alifunga vifungo vya koti lake vyote, kimoja kimoja. Watoto wake wawili wa kiume walikuwa mahali fulani ukumbini humo.

"Ulisema wewe tu," alimwambia Ristana.

"Mama, sikujua, naapa kwa..."

"Usiape. Ulisema wewe tu."

Akatoka. Ristana alimkimbilia hadi mlangoni, lakini mtoto mkubwa wa yule mama alimzuia kwa mkono, bila kumsukuma. Mzee Lazo alipita karibu nasi amevaa kofia yake. "Nimekuwa msanii uzeeni," alisema, na hakukuwa na kicheko hata kidogo ndani yake.

Ristana alimngojea Zdravko katika chumba cha nyuma cha ukumbi, pale wanapoweka viti. Nilikuwa nabeba spika, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mwongozo wangu uko wapi?"

"Upo. Ni mzuri sana. Usipaze sauti, mzazi mwenzangu."

"Kwa nini haujatolewa?"

Zdravko alivuta kiti akakaa, kama anayetaka kumweleza mtoto hesabu. "Fikiri kidogo. Mwongozo ukieleweka, nani atalipia msaada? Uliniletea ramani nzima ya mahali watu wanapokwama. Hapo ndipo penye kampuni, Ristana. Si kwenye maji."

"Na ulijua tangu lini? Tangu ulipokuja kwangu?"

Zdravko alicheza na ufunguo wa gari. "Tangu kabla ya hapo," alisema mwishowe. "Wakulima wasingewafungulia vijana wangu midomo. Wewe wangekufungulia."

Nilidhani atampiga. Hakumpiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ulinituma mimi kwa sababu wananiamini."

"Kwa sababu wewe ni hodari."

"Hapana. Sema jinsi ilivyo."

Zdravko aliinuka akarudisha kiti ukutani. Nami nikaona kwamba kilichomuuma Ristana kuliko video ilikuwa hii: hakuwa ameajiriwa kwa kalamu yake. Aliajiriwa kwa uso wake na jina la baba yake, na vyote viwili vilikuwa vimetumika na kwisha.

Kesho yake aliacha kazi. Mwongozo hakuweza kuuchukua; alikuwa ametia sahihi kuwa kila atakachoandika ni mali ya kampuni, tena alitia sahihi akicheka, nani asome kwa makini karatasi ya mzazi mwenzie. Yeye, aliyesoma karatasi za dawa. Uso wa Bi Tinka uliondolewa kwenye ile filamu baada ya watoto wake kwenda ofisini na Mzee Lazo akiwa katikati yao. Nyuso za wengine ziliachwa humo.

Ristana alikwenda Murtino kuomba radhi, mimi nikimwendesha. Mzee Lazo alimpokea uani, hakumkaribisha ndani. "Nakuamini kwamba hukujua," alimwambia. "Lakini kamera uliiweka wewe." Kwa Bi Tinka mlango haukufunguliwa. Tulikiona kivuli chake nyuma ya plastiki ya kitalu, ameinama, anamwagilia kwa ndoo na mpira wa mkono. Kisanduku cheupe kilikuwa kimeng'olewa mlangoni, matundu ya misumari yamebaki. Ristana alizungumza na ile plastiki. Alieleza yote, mpaka akaishiwa. Kivuli hakikuacha kufanya kazi.

Pasaka ilipofika, mgogoro ukaingia nyumbani. Kalina alipaka mayai rangi nyekundu kama kila mwaka, akayafunga kwenye kikapu.

"Hutayapeleka kule," mama yake alisema.

"Mama, yeye ni baba yangu wa ubatizo. Alinilipia chuo muhula mzima. Wewe na yeye mmegombana kazini."

"Kazini?"

"Basi nieleze ni wapi."

Alijaribu kumweleza. Kalina alisikiliza, akalia, akasema yule mtu amekosea sana, kisha akachukua kikapu akaenda. Ristana aliniambia alibaki amekaa jikoni akilitazama beseni la rangi. Hakumlaumu binti yake. Alisema tu kwamba hakujua mtu anaweza kukuibia hata hasira yako, ukabaki unaona haya kuwa nayo.

Siku hizi anafanya kazi katika mji wa Radovish, kwenye kiwanda cha mashine za kutengeneza mabomba, anaandika karatasi za maelekezo. Hupanda basi asubuhi, hurudi jioni. Kuandika bado anaandika kwa kukaa na watu na kuangalia vidole vyao, lakini hachukui picha wala haahidi kitu. Mimi niliacha kazi kwa Zdravko kiangazi kile, nikaajiriwa duka la mbegu. Kampuni yake haikufa. Huduma ya kulipia ilimstawisha kwa misimu miwili, mpaka ilipokuja programu nyingine kutoka Ugiriki ambayo haikuhitaji mtu wa kukushika mkono, wakulima wakaanza kuhama. Hapo ndipo Zdravko alipoutoa mwongozo wa Ristana, karibu sentensi kwa sentensi, chini ya jina la kampuni.

Nilimwonesha Ristana kwenye simu yangu, tukiwa kituo cha basi. Nilidhani atafurahi kwa uchungu, au atatukana. Alisoma akiwa amesimama, mpaka mwisho, basi lake likaja likaondoka.

"Wameharibu hatua ya nne," alisema. "Wameigeuza. Mtu atafungua mbolea kabla ya maji. Atachoma mizizi."

"Waache wachome. Si jina lako."

"Mizizi ni ya nani, Ilko? Ya Zdravko?" Alinirudishia simu. "Wapigie wewe. Usinitaje."

Nikapiga. Msichana mpya alipokea, akaandika, akanishukuru, na baada ya siku chache hatua ya nne ikarudi mahali pake. Nilimpa Ristana habari hiyo. Akaniuliza, kwa kuwa Bi Tinka hununua mbegu dukani kwetu, kama mama yule bado anamwagilia kwa ndoo.

Nikamwambia ndiyo, bado.